Saa ya Vifaranga

Nimejaza vyeti vya afya vya vifaranga kwa miaka ishirini na sita, na hadi mwezi Machi mwaka huu hakuna hata kimoja kilichowahi kurudishwa. Nalisema hili mapema ujue unaongea na mtu wa aina gani. Wenzangu hujisifia wajukuu, wengine bustani. Mimi nilikuwa na faili langu la kijani, na nilijivuna nalo kupita kiasi. Jumanne ya mwisho ya Machi majivuno yale yalinitokea puani.

Mambo yaliisha salama. Hilo nalo nalisema mapema, maana mimi mwenyewe siwezi kusoma kisa cha wanyama wanaoteseka bila kuchungulia mwisho kwanza. Kwa hiyo tulia, jimiminie kahawa.

Naitwa Dirkje Morren. Nafanya kazi kwa Aart Schuurkamp, nje kidogo ya Barneveld, kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga alichoachiwa na baba yake. Kwetu kila nyumba ya tatu ina kuku, na mbili zilizobaki zina watu wanaoishi kwa kuku. Sisi hatufugi. Tunapokea mayai, tunayaweka mashinani siku ishirini na moja, na vifaranga wakishatoka na kukauka manyoya tunawasafirisha wakiwa na umri wa siku moja, wengine hadi nje ya bara. Hakuna anayevuka mpaka bila cheti cha daktari wa mifugo wa serikali. Karatasi za hicho cheti ndizo zangu.

Ndani ya kituo hakuingiwi kama dukani. Mlangoni unaandika jina lako na saa uliyofika kwenye daftari la wageni. Halafu unavua kila kitu, hadi pete, saa ya mkono na simu, unavifungia kabatini. Unaoga mwili mzima, nywele na kucha. Upande wa pili unavaa chupi zetu, soksi zetu na ovaroli yetu. Ugonjwa wa ndege hauhitaji zaidi ya tope lililoganda chini ya kiatu. Hata waziri akija ataoga, na chupi zetu atavaa.

Ndiyo maana mle ndani saa ni moja tu, ile ya ukutani kwenye chumba cha vifaranga. Ni kubwa, ya duara, na ilitundikwa na marehemu mzee Schuurkamp. Mwaka 1977, serikali iliporudisha saa za majira ya joto na kuamuru watu wasogeze saa mbele kila masika na kuzirudisha kila vuli, mzee alikataa. "Yai halijui saa ya serikali," alisema. Alikuwa na hoja: mayai huhesabiwa kwa saa, mia tano na nne tangu yanapoingia mashinani, na ukichezea saa katikati ya hesabu mtu atakosea tu. Alikuwa na hoja nyingine pia, kwamba saa ni ya Mungu na haisogezwi, tena siku ya Jumapili! Mzee alikufa, Aart akarithi kituo, saa na ukaidi. Basi tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, chumba kile huwa nyuma ya dunia kwa saa moja kamili.

Sisi tumezoea. Ukiwa ndani unaongeza saa moja kichwani, kama mpishi anavyotia chumvi bila kupima. Daktari Bronkhorst, aliyetukagua miaka ishirini, naye alizoea. Lakini Bronkhorst alistaafu Krismasi iliyopita, akaletwa Daktari Wietske Holtrop kutoka Friesland, mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Alikuja Januari, wakati saa yetu na ya dunia zilikuwa zinakubaliana. Hakuna aliyemwambia kwamba kuanzia Jumapili ile ya Machi zitagombana. Huyo "hakuna" ni mimi.

Jumatatu alfajiri walianguliwa vifaranga elfu nane na mia nne wa kwenda Kumasi, Ghana, kwa Mama Afriyie. Miaka miwili nyuma mafua ya ndege yalimmalizia kuku wote, hadi jogoo wa uani. Alisafisha mabanda, akakaa nayo matupu, akajenga upya, akahangaikia kibali mwaka mzima. Nilikuwa nikiongea naye simuni kila wiki, na kila wiki aliniuliza swali lile lile: "Mama Dirkje, wanakuja kweli?" Nami nilimjibu kila wiki kwamba kama karatasi ni zangu, wanakuja.

Mchana Wietske akaja kukagua. Akafungua makasha, akatazama vitovu, akageuza miguu, akasikiliza vifua. Alipotoka kuoga nilimpa cheti, akaandika, akasaini. Halafu nikakipitia mimi. Wino wa bluu, maana saini na muhuri haziruhusiwi kuwa na rangi moja na maandishi ya mashine. Kurasa nne, muhuri kila ukurasa. Sehemu saba zisizotuhusu zimekatwa kwa mstari, na kila mstari una herufi za jina lake na muhuri mdogo pembeni. Hakuna mafua ya ndege ndani ya kilomita kumi kwa siku thelathini. Makasha mapya. Saa ya ukaguzi: saa saba na dakika kumi mchana. Jicho langu lilipita hapo bila kujikwaa, nikafunga bahasha nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Jumanne Rijk, dereva wetu, akapakia. Tukafunga milango ya lori kwa lakiri saa nane kasoro dakika kumi, nikaandika saa hiyo kwenye karatasi ya safari. Lori likaondoka kuelekea uwanja wa ndege.

Saa kumi kasorobo simu ikalia.

"Mama Morren? Naitwa Thijmen, dawati la wanyama hai, hapa uwanjani."

"Sema, mwanangu."

"Cheti chenu kimepitwa na muda."

"Kimepitwa! Wino wenyewe bado unanuka!"

"Vifaranga wanatakiwa kukaguliwa ndani ya saa ishirini na nne kabla ya lori kufungwa lakiri. Wamekaguliwa jana saa saba na dakika kumi. Lori limefungwa leo saa nane kasoro kumi. Hesabu mwenyewe, mama."

Nikahesabu. Nikahesabu tena kwa vidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Saa ishirini na nne na dakika arobaini.

"Ni dakika arobaini tu, mwanangu."

"Ni arobaini, ndiyo. Ingekuwa moja ningekupigia vile vile." Hakusema kwa ubaya. "Niletee cheti kipya, chenyewe, siyo picha. Mzigo unafungwa saa kumi na mbili kamili. Ndege nyingine ya kwenda kule ni Ijumaa."

Nyuma yake nikamsikia Rijk akipaza sauti, "Dirkje, fanya kitu! Hawa watoto wanalia!" Na nyuma ya Rijk nikawasikia wenyewe, elfu nane na mia nne, mlio mmoja mwembamba usiokatika.

Hapa nikueleze kitu. Kifaranga huja duniani na chakula chake tumboni, kiini cha yai anachokivuta muda mfupi kabla ya kuvunja ganda. Kinamtosha kama siku tatu. Ijumaa ingekuwa ya tano. Na kurudi kwetu wasingeweza, maana kinachotoka geti letu hakirudi, ndiyo sheria, kisije kikaleta ugonjwa ndani. Kifaranga aliyekwama uwanjani hana pa kwenda. Anauawa, kwa gesi, kasha baada ya kasha, na cheti cha hilo nacho kuna mtu wa kukijaza.

Kwanza nilimlaumu Wietske. Halafu nikakumbuka kwamba jana saa saba na dakika kumi nilikuwa nakula supu yangu ya dengu, na Wietske hakuwa amefika. Nikaenda kwenye dirisha la kioo linalotazama chumba cha vifaranga. Simu mkononi mwangu ilisema saa kumi kasoro dakika kumi. Saa ya marehemu ukutani ilisema saa tisa kasoro dakika kumi.

Aart alikuwa ndani, anaosha trei. Nikabonyeza kitufe cha spika iliyo pembeni ya kioo.

"Aart. Hiyo saa."

"Imefanya nini?"

"Daktari amekagua kwa hiyo saa. Kaandika saa saba badala ya saa nane. Cheti kimekataliwa."

Akageuka akaitazama saa, kisha akanitazama mimi. Aart ni mtu mwekundu wa uso; nilimwona akipauka kuanzia kwenye paji kushuka chini. "Wote?" akauliza.

"Wote. Mpaka saa kumi na mbili."

Kosa la saa kwenye cheti halirekebishwi kwa kalamu. Kinafutwa kizima, kinaandikwa kingine chenye namba nyingine. Karatasi za namba ninazo mezani mwangu, chini ya ufunguo. Nikachapisha kurasa zote nne, nikaacha pa saa wazi. Simu ya Wietske iliita bila kupokelewa, na nilijua kwa nini. Jumanne mchana hukagua mayai ya kutotolesha kwa Wouter Lagerwey, kilomita nne kutoka kwetu, na kwa Wouter nako unaacha simu kabatini na kuoga. Gari la Aart lilikuwa kwa fundi. Nikaondoka na langu, kwa mwendo nisioutaja hapa.

Wouter na Aart hawakuwa wamesalimiana kwa miaka kumi na moja. Walikosana kwenye baraza la kanisa, kisa viti: mmoja alitaka viti vyenye mito, mwingine akasema aliyechoka kukaa kwenye ubao akasikilize mahubiri kitandani kwake. Unaweza kukisia nani alisema nini. Nilipofika Wouter alikuwa uani anafagia.

"Dirkje! Amekufukuza hatimaye? Nafasi ipo, lakini kwangu watu hucheka kazini."

"Nyamaza, Wouter. Namtaka daktari."

"Hapo hapo! Usivuke mstari mweupe. Umetoka kwenye vifaranga wenu."

"Huo mstari nilikuwa nauheshimu wewe bado unachafua nepi. Niitie daktari, tafadhali. Nina chini ya saa mbili, halafu vifaranga elfu nane watauawa."

Alinitazama usoni, akaacha ufagio ukaanguka, akakimbia. Sikuwahi kumwona Wouter akikimbia.

Wietske akatokea upande wa pili wa dirisha la chumba cha mayai, lililokuwa upande wangu wa mstari, nywele ndani ya kofia ya wavu, ovaroli ya kuazima ikimwishia katikati ya miundi. Nikamweleza kupitia spika, haraka, huku nimeibandika karatasi kwenye kioo. Aliponielewa alikunja uso.

"Yaani mna saa ya uongo kwenye chumba cha ukaguzi?"

"Si ya uongo. Ni ya... marehemu."

Wouter akapasuka kucheka nyuma yangu. "Aart bado yuko majira ya baridi! Daktari, hiyo hata bata wa mtaroni wanaijua."

"Mimi si bata," alisema Wietske. "Mimi niliandika nilichokiona."

"Uliona saa saba na dakika kumi, ukweli ni saa nane na dakika kumi," nikasema. "Weka hiyo, saini, niende. Nakuomba, daktari."

Nilimwona akiisoma karatasi mstari kwa mstari, kama ninavyosoma mimi. Kisha akatikisa kichwa.

"Dada Dirkje, nakuamini. Lakini sisaini kwa sababu naamini. Lori lenu limechelewa, na sasa unaniomba nisogeze saa. Wewe ungekuwa mimi ungefanya? Nikianza kusogeza saa kwa kuwa nawaonea huruma vifaranga, cheti changu ni karatasi ya kufungia samaki. Nipe kitu nikione kwa macho."

Hakuwa na neno baya hata moja, na hilo ndilo lililonikata maini, kwa sababu ningekuwa yeye ningesema vile vile. Nilisimama pale nikimfikiria Mama Afriyie ambaye jioni ile angeniuliza kama wanakuja kweli. Saa ilikuwa kumi na dakika kumi na mbili. Nikaona haya machozi kunilenga mbele ya Wouter.

Huku najifuta nikamtazama Wietske, mkono wake mtupu kwenye kioo. Kwenye kifundo palikuwa na alama nyeupe ya mkanda wa saa aliyoivua.

"Daktari, jana ulipofika kwetu, saa yako uliivulia wapi?"

"Kabatini. Baada ya kuandika daftari la wageni."

"Daftari uliliandika kwa saa ipi?"

Macho yake yakafunguka. "Ya mkononi mwangu," akasema. "Sikumbuki niliandika ngapi. Lakini ni mwandiko wangu, na ni saa yangu. Hilo nitalitazama."

Nikampigia Aart. Alishatoka kuoga, alipokea simu kabla haijaita mara ya pili. Nikamwambia lete daftari la wageni kwa Wouter.

"Kwa Wouter?" akauliza.

"Kwa Wouter."

"Nakuja."

Alikuja kwa baiskeli ya umeme ya mkewe, ile yenye kikapu cha maua mbele, nywele zinachuruzika maji, daftari ndani ya mfuko wa supamaketi. Kilomita nne kwa dakika kumi, mtu wa miaka sitini na tatu. Aliingia uani akasimama kwenye mstari mweupe, akihema, uso kwa uso na Wouter. Wakatazamana. Hakuna aliyetoa salamu, lakini Wouter alisogea pembeni akampisha.

Aart akalifungua daftari na kulibana kwenye kioo kwa viganja viwili. Jumatatu, mstari wa tatu, mwandiko uliosimama wima kama mwenyewe: Holtrop W., saa saba na dakika arobaini.

Wietske akasoma. Akasoma tena. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, tulimwona Daktari Holtrop akicheka.

"Nimewakagua vifaranga nusu saa kabla sijafika!" akasema. "Na kabla sijaoga!"

"Umevunja sheria, daktari," akasema Wouter.

Nikamwonyesha na picha niliyopiga kabla ya kuondoka, ambayo peke yake isingethibitisha ya jana: simu ya pili ya ofisini nimeishika pembeni ya kioo, saa ya ukutani nyuma yake, tofauti saa moja kamili bila dakika kuzidi. Akaitazama, akaafiki kwa kichwa. "Saa nane na dakika kumi. Hiyo naisaini. Muhuri uko garini. Ngojeni nioge."

"Tena?" alilia Aart.

"Tena, bwana Schuurkamp. Kwako ningeoga pia."

Dakika sita. Sijawahi kuishi dakika ndefu kama zile, na nimezaa mara mbili. Wanaume wawili walisimama wakitazama viatu vyao. Mwisho Wouter akakohoa.

"Utakunywa kahawa?"

"Saa hizi?" akasema Aart. "Karibu saa kumi na nusu. Muda wa kahawa umepita."

"Kwa saa yako bado mapema."

Aart alifungua mdomo kujibu, kikatoka kicheko, kikubwa, cha tumboni, hata akashika ukuta. Wouter naye akaangua chake. Miaka kumi na moja walikuwa wamekibana.

Wietske akatoka na nywele mbichi, akaifuta nakala yetu ya cheti cha zamani kwa mstari mrefu wa pembe kwa pembe, akaandika kipya juu ya boneti ya gari lake. Saa. Saini. Mistari saba, herufi saba, mihuri midogo saba, mikubwa minne. Nilihesabu kwa sauti kila kishindo, na safari hii nilisoma na saa. Niliisoma mara tatu.

Barabara kuu ilikuwa imejaa pale Hoevelaken, kama kawaida yake, nikawa natambaa nyuma ya lori la viazi huku nikilihutubia kwa maneno ambayo mchungaji wetu asingeyapenda. Nilifika uwanjani saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na tisa. Rijk alikuwa getini anapunga mikono yote miwili kana kwamba mimi ndiyo ndege.

Thijmen alikuwa kijana mdogo kuliko sauti yake, masikio mekundu, rula mkononi. Akaiweka rula chini ya kila mstari. Nilitamani kumpiga nayo na nilitamani kumwajiri. Akahesabu mihuri. Akainua karatasi kwenye taa kutazama kama wino ni wa bluu kweli.

"Kosa lilikuwa nini, mama?"

"Saa ya ukutani."

"Ilisimama?"

"Hapana, mwanangu. Inatembea vizuri sana. Ni sisi tuliosimama."

Akacheka, akapiga muhuri wake. Tap. Ni sauti ndogo mno kwa uzito iliouondoa. Nilitoka nje nikaegemea ubavu wa lori, nikaweka kiganja kwenye bati, nikahisi uhai wao ukitetemeka ndani. Hapo ndipo nililia, vizuri, bila haya, na Rijk akanishika bega kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akanipa mkate wake wa jibini. Nikaula wote. Hajawahi kuacha kunisimanga kwa mkate ule.

Jumatano, karibu na muda wa chakula cha mchana, ulikuja ujumbe wa sauti kutoka Kumasi. Nilikuwa ofisini naandika ripoti ya kosa langu, maana kosa nalo lina fomu. Kabla sijaufungua nikamwona Aart kupitia kioo, ndani ya ovaroli, amebeba ngazi. Akaisimamisha chini ya saa ya baba yake, akapanda vidaraja viwili, akanyoosha mkono.

Nikabonyeza spika. "Unafanya nini?"

"Naisogeza. Mzee atanisamehe."

Miaka ishirini na sita nimeitukana saa ile. Nimeiita kichaa, nimeiita mkaidi, nimewahi kuiombea betri ife. Na sasa nilisikia mdomo wangu ukisema: "Shuka, Aart. Una mayai elfu sitini mashinani, yote yameandikwa kwa saa hiyo. Ukiigusa leo tutakosea hesabu ya wote."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo iache. Mwezi wa kumi itakuwa sahihi yenyewe."

Alibaki juu ya ngazi akifikiri. Kisha akashuka, akachukua kipande cha kasha na kalamu nene, akaandika, akakibandika chini ya saa kwa utepe: ONGEZA SAA MOJA. SAMAHANI, DAKTARI.

"Kumasi wameleta ujumbe," nikamwambia.

Alisogea karibu na kioo, kalamu bado mkononi. Nikaiweka simu kwenye spika, nikabonyeza.

"Mama Dirkje!" ilikuwa sauti ya Mama Afriyie, akihema kama aliyekimbia. "Wamekuja! Kumi na mmoja tu ndio hawakufika hai, wengine wote wako hapa, wanakunywa. Subiri, nainama. Wasikilize."

Halafu wakaanza. Chumba kilikuwa kitupu, kimeoshwa, sakafu bado na maji, na mlio ule mwembamba ukakijaza chote hadi darini. Kinachotoka geti letu hakirudi. Aart alisimama katikati ya chumba na kalamu yake, uso ameuinua, macho ameyafumba.

"Cheza tena," akasema.

Nikacheza tena.